Alama ya X na Kijiti cha Dawa: Mafunzo Niliyopata Kilosa na Mikumi

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani, hujibu kwamba mimi ni mwalimu wa chuo. Wakiendelea kuuliza ninafundisha nini, hapo maelezo hurefuka. Ninafundisha namna ya kupanga picha, rangi, maandishi na alama ili mtu apate jambo analolihitaji, na kwa miaka mingi nimeielekeza kazi hiyo kwenye afya: kadi za kliniki, bahasha za dawa, mabango ya zahanati, vipeperushi vya kampeni. Ofisi yangu iko mjini, lakini walimu wangu wengi wako wilaya ya Kilosa, kuanzia Kilosa mjini kando ya Mto Mkondoa na reli ya kati, hadi Mikumi kwenye barabara kuu iendayo Iringa na Zambia.

Wilaya hii ina kila cha kumtoa jasho mchoraji. Kuna wakulima wa mpunga na mahindi, vibarua wa mkonge Kimamba, Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, wafugaji wa Kimaasai na Kibarabaig, madereva wa malori wanaolala Mikumi usiku mmoja na kupotea, na hifadhi ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1964. Hakuna bango moja linaloweza kuwatosha wote hao. Haya ndiyo niliyojifunza kwao. Sikuyapanga kwa ukubwa.

1. Uamuzi kwanza, mchoro baadaye

Kitu kilichosanifiwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona Kilosa hakina picha hata moja. Ni kijiti.

Kilosa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania ambayo kwa muda mrefu yamesumbuliwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Minyoo yake huleta muwasho wa ngozi wa miaka na miaka, na mwishowe huweza kumpofusha mtu. Dawa yake ni ivermectin, ambayo kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa bure. Kingatiba hiyo hugawiwa kijijini na wanakijiji wenyewe waliopewa mafunzo mafupi. Sasa, kiasi cha dawa hutegemea uzito wa mtu, na mizani ni ghali, hubebwa kwa tabu, huharibika, na anayeisoma hana budi kupiga hesabu mbele ya foleni yenye haraka ya kwenda shamba. Watafiti wakaona urefu unaweza kushika nafasi ya uzito. Basi likatengenezwa fito lenye mistari: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, kuanzia 159 vinne. Mtu husimama wima, mgawaji huangalia utosi umefika mstari gani, kisha huhesabu vidonge. Aliye chini ya mstari wa kwanza hapewi.

Fito hilo huwa nawapa wanafunzi wangu walichambue kama wanavyochambua bango. Halina kauli mbiu, halina nembo ya mfadhili yenye ukubwa wa sahani, halina familia inayotabasamu. Aliyelitengeneza alijiuliza swali moja tu: mgawaji anatakiwa kuamua nini, wakati gani, akiwa amesimama wapi? Majibu yake yote yamo kwenye mistari mitatu minne. Na linajua mpaka wa uwezo wake. Halimwambii mgawaji kwamba mjamzito asipewe, wala mgonjwa mahututi, wala mama aliyejifungua juzi. Hayo yameachiwa mdomo, na ni sawa yaachiwe mdomo, kwa sababu hayaonekani kwa kumtazama mtu utosini.

Mwanafunzi akija kwangu na wazo la bango, simuulizi atatumia rangi gani. Namuuliza nani ataamua nini akishaliona. Wengi hukosa jibu, nao huondoka wakiwa wamenuna kidogo.

2. Alama unayoikuta ina historia yake

Watunzi wa mabango ya afya wanaipenda mno X nyekundu. Kitendo kibaya hupigwa X, kizuri huwekewa vema, kazi imekwisha. Shuleni alama hizo hueleweka hivyo. Lakini pita kandokando ya barabara kuu yoyote ya Tanzania, Mikumi ikiwemo, uangalie kuta za nyumba. X iliyopakwa ukutani ni taarifa ya serikali: nyumba hii imo ndani ya hifadhi ya barabara, itavunjwa. Wenye nyumba wanajua hata tofauti ya rangi. X nyekundu ni ya aliyejenga ndani ya eneo la zamani la hifadhi, naye hana fidia. X ya kijani ni ya aliyekutwa na upanuzi wa hifadhi, naye anatarajia kulipwa.

Siku moja tulipewa tujaribu michoro ya kampeni ya choo bora, iliyochorwa mbali na wilaya hii. Nyumba mbili zilikuwa ubavu kwa ubavu: moja ina choo chenye mlango na paa, nyingine haina choo na imepigwa X kubwa nyekundu. Mzee mmoja aliitazama kwa makini, akauliza kwa upole kama mwenye nyumba ile ameshaondoka au bado anahangaika na kesi. Wenzake hawakucheka. Lilikuwa swali la haki kabisa kwa mtu anayeishi mita chache kutoka lami.

Tangu hapo sikanushi kwa X nikiwa karibu na barabara wala reli. Naonyesha kinachofuata baada ya kitendo: mtoto anayeharisha, kisima kilichochafuka, mama anayesubiri zahanati. Huchukua nafasi zaidi kwenye karatasi, lakini hakuna anayekumbuka tingatinga la kubomolea.

3. Usiulize "umeelewa?"

Kilosa ni mahali pa adabu. Ukiamkia vizuri, ukakaribishwa kwenye mkeka, kisha ukamwonyesha mama wa watu mchoro na kumuuliza, "Mama, umeelewa?" atakujibu "Ndiyo, mwanangu." Angejibu hivyo hata kama ungeushika kichwa chini. Umekuja kutoka mbali, umevaa viatu, umechora kwa bidii. Kwa nini akuvunje moyo? Ripoti nyingi za majaribio ya vielelezo vya afya, nina hakika, zimejaa ndiyo za namna hii.

Maswali yanayofaa ni mengine. "Unaona nini hapa?" Kisha, "Huyu anafanya nini?" Kisha, baada ya muda, "Wewe ungekuwa na mtoto mwenye homa usiku huu, ungefanya nini?" Majibu huandikwa kwa maneno yaleyale ya msemaji, bila kusafishwa. Mtafiti anayeandika "mshiriki alitambua umuhimu wa chandarua" ametupa data yote. Aandike kwamba mama alisema, "Naona kitanda kina pazia kama la bibi harusi."

Kazi hii si mpya Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Alan Holmes alichapisha utafiti wake juu ya jinsi watu wa Kenya walivyozielewa alama za picha. Mwaka 1976 Diana Fussell na Ane Haaland walitoa matokeo yao ya Nepal, na walichokikuta huko ninakikuta mpaka leo: mtu asiyezoea mabango haoni picha kama agizo. Huona mtu, kuku, chungu. Kwamba picha inamtaka yeye afanye jambo ni desturi inayofundishwa, na sisi tuliosoma tumesahau kwamba tulifundishwa. Afrika Kusini, Ros Dowse wa Chuo Kikuu cha Rhodes na wenzake walionyesha kwamba picha za maelekezo ya dawa zilizochorwa upya pamoja na watumiaji wa Kixhosa zilieleweka vizuri kuliko zile zilizotoka Marekani. Kuna hata vipimo: kiwango cha kimataifa cha alama kinataka angalau theluthi mbili ya walioulizwa waelewe, na cha Marekani kinataka asilimia 85. Ni nadra kuona kampeni ya afya kwetu ikitaja bango lake lilipata ngapi.

Niweke wazi jambo moja hapa. Kila aliyehudhuria semina ya elimu ya afya amesimuliwa kisa cha wanakijiji walioonyeshwa mbu mkubwa ukutani, wakasema kwao hakuna mbu wa ukubwa huo. Nimekisikia kikisimuliwa juu ya nchi nyingi mno, na siku hizi siamini kwamba kilitokea popote. Watu wa Kilosa wanajua kabisa kwamba kitu kidogo huweza kuchorwa kikubwa. Picha ya mgombea nayo ni kubwa kuliko mgombea. Kinachowakwamisha ni mambo ambayo wachoraji hatuyashuku: mshale unaotoka mdomoni kwenda tumboni, mkono uliokatwa kifundoni ukielea peke yake, duara la kukuzia linalofanana na sahani.

4. Jua na mwezi havitoshi

Chukua bahasha ya karatasi ya dirisha la dawa. Imeandikwa kwa kalamu "1 x 3" au "2 x 3". Kwa mfamasia hiyo ni sentensi kamili. Kwa mtoto wa darasa la nne anayemsomea bibi yake ni hesabu, na jibu la hesabu hiyo ni tatu au sita. Nadhani hakuna maandishi ya afya yanayosomwa na Watanzania wengi kama haya, na hakuna yanayopuuzwa na wasomi wa fani yangu kama haya. Si mazuri kwa kupiga picha.

Suluhisho la kwanza ambalo kila mwanafunzi hulifikia ni kuchora jua kwa asubuhi na mwezi kwa usiku. Linafaa mara nyingi. Halafu inakuja dawa ya mseto ya malaria, ambayo Tanzania ilianza kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2006. Pakiti zake zimegawanywa kwa uzito, kilo 5 hadi 14, 15 hadi 24, 25 hadi 34, na 35 kwenda juu. Dozi ni sita kwa siku tatu. Tatizo liko kwenye dozi ya pili: inatakiwa saa nane baada ya ya kwanza. Mama aliyetembea tangu alfajiri akafika zahanati, mtoto akapimwa na kumeza dozi ya kwanza saa nne asubuhi, anatakiwa ampe ya pili saa kumi na mbili jioni. Je, hiyo ni jua au mwezi? Na aliyepewa ya kwanza saa kumi jioni, je? Ya pili inaangukia saa sita usiku, wakati nyumba nzima imelala.

Nilichokiona kikisaidia hakikutoka kwenye mchoro uliochapwa, kilitoka kwa muuguzi. Muuguzi alichukua kalamu, akamuuliza mama, "Saa hizo nyumbani huwa mnafanya nini?" Mama akajibu kwamba ndipo mbuzi wanaporudi. Muuguzi akachora mbuzi pembeni ya kidonge cha pili. Mchoro wa ovyo kabisa, wenye miguu mitatu, lakini ulikuwa wa mama yule na wa siku ile. Kutoka hapo ninaposanifu bahasha huacha nafasi tupu kwa ajili ya kalamu ya mhudumu. Wachapaji hawaipendi nafasi hiyo. Huuliza kama tumesahau kitu.

5. Dereva hasomi, abiria ndiye msomaji

Barabara kuu hukatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Kandokando yake kuna ubao unaoorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja wao. Abiria huufurahia mno. Basi zima huanza kubishana kwa nini twiga anashinda nyumbu kwa bei, na yupo daima anayeuliza binadamu angekuwa shilingi ngapi. Dereva hashiriki. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa gari hukata mita 19 kila sekunde. Orodha ya mistari kumi ingemchukua mita mia na zaidi akiwa haangalii barabara. Anachokitii dereva ni tuta, tena tuta analolijua.

Siubezi ubao ule. Abiria akiujua humkemea dereva, na kukemewa na abiria kuna nguvu yake. Ila usanifu wake ungebadilika kama waliouandika wangekubali kwamba wanaongea na kiti cha nyuma. Nimelichukua fundisho hilo hadi kliniki. Bango la uzazi wa mpango lililobandikwa nyuma ya meza ya daktari linasomwa na anayesindikiza, aliyekaa muda mrefu akisubiri. Mgonjwa mwenyewe macho yake yako kwa daktari.

6. Rangi zina vyama, na vyama vina majira

Zamani kadi ya ukuaji wa mtoto ilikuwa na kijani, kijivu na nyekundu, na akina mama wa rika fulani bado husema mtoto wa fulani "yuko kwenye nyekundu" bila kutaja kilo. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto unatumia lugha hiyohiyo: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hadi 12.5 njano, kuendelea kijani. Rangi hizi zimefanya kazi kwa sababu zilirudiwa miaka mingi mahali pamoja, kwa jambo moja.

Ukiziondoa hapo, zina wenyewe. Kijani na njano karibu na uchaguzi ni chama. Kijani na njano siku ya mechi ni Yanga, na nyekundu ni Simba. Kuna fulana za kampeni ya chanjo nilizowahi kuziona zikikataliwa na nusu ya vijana wa kijiweni kwa sababu hiyo tu. Mwaka wa uchaguzi, ukiweza, chapa kwa buluu iliyopauka na kahawia, na usichape Septemba.

7. Picha ni mwanzo wa mazungumzo

Wanafunzi wangu wanapodhani kwamba elimu ya afya kwa picha ilianza na simu za mkononi, huwarudisha mwaka 1973. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilitumia redio, vijitabu na vikundi vya majadiliano kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kwa pamoja, wakajadili, halafu, na hapa ndipo ilipokuwa nguvu yake, wakaamua la kufanya kabla ya kutawanyika: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Wazee wa Kilosa waliokuwa vijana wakati ule bado wanakumbuka nani alikuwa kiongozi wa kikundi chao na choo kipi kilichimbwa kwa nguvu ya kikundi. Picha za kijitabu hawazikumbuki sana. Kwangu mimi mchoraji hiyo ni habari ya kunyenyekeza, na naiona ni sahihi kabisa.

Bango la siku hizi linapachikwa ukutani likiachwa lipambane peke yake. Hakuna kikundi, hakuna saa maalumu, hakuna mtu wa kuuliza, "Haya, sisi tunafanyaje?" Ndiyo maana katika bajeti zangu nimekuwa nikipunguza idadi ya nakala na kuongeza fedha za watu. Nakala chache kubwa, kila moja ikiwa mikononi mwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyepata muda wa kuizoea, zinanipa zaidi kuliko maelfu yaliyobandikwa.

Teknolojia haibadilishi jambo hili. Kwa jirani zetu mkoani Iringa, mradi uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Oslo na watafiti wa Tanzania uliweka vijijini vituo vya intaneti ya bure vyenye katuni za video kwa Kiswahili kuhusu UKIMWI, kifua kikuu na minyoo tegu ya nguruwe, ile ambayo mayai yake yakimwingia mtu na vifuko vyake kufika kwenye ubongo huleta kifafa. Video ina sauti, na sauti humwokoa asiyesoma. Hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mjadala wa kifafa, na kuondoa wazo la kwamba mgonjwa amerogwa, utafanyika uani kati ya watu wanaojuana, video ikiwa imeshazimwa.

8. Chora walichonacho

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulivunja tuta lake, maji yakaingia Kilosa mjini, maelfu wakakosa makazi na reli ikakatika. Mafuriko yamerudi tena na tena katika wilaya hii, na kila yanaporudi hufuatwa na hofu ya kipindupindu na shehena ya mabango ya kunawa mikono. Nimeyakusanya kwa ajili ya darasa. Kwenye mengi kuna bomba linalong'aa linalotiririsha maji kwenye sinki jeupe.

Familia iliyo kwenye hema inalionaje bango hilo? Kwa maoni yangu inaona tangazo la nyumba ya mtu mwingine. Badala yake, kibuyu chirizi cha kunawia mikono kinachorwa kwa mistari michache: dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyaga, kipande cha sabuni kinachoning'inia. Anayekiona anaweza kukitengeneza kabla ya jioni. Vivyo hivyo kwa maji ya kunywa: chora ndoo yenye mfuniko na kikombe chenye mpini, usichore jagi la kioo. Na kama kuni hazipo na dawa ya maji haijafika, usichore lolote. Peleka dawa ya maji. Kuna nyakati ambapo msanifu mwaminifu humwambia aliyemwajiri kwamba fedha za uchapaji zinunue vidonge vya klorini, na ninakiri kwamba ushauri huo haumletei mtu mkataba wa pili.

9. Karatasi hufa, kalenda huishi

Mchwa, mvua na watoto humaliza bango la karatasi kabla ya msimu kwisha. Lile la plastiki nalo hugeuzwa turubai la kuanikia mpunga, picha ikiwa chini. Sioni ubaya, mpunga nao ni afya. Kinachobaki ukutani Kilosa ni kalenda, hata ya mwaka juzi, na maandishi yaliyopakwa rangi moja kwa moja kwenye ukuta na mafundi wa mabango. Mafundi hao wa Mikumi wanaopamba gereji, saluni na migahawa ya malori wanajua herufi inayosomeka kutoka upande wa pili wa lami kuliko mhitimu wangu yeyote. Waajiri, uwalipe vizuri, na majina yao yawekwe pembeni ya kazi.

10. Ngazi za kibali ni sehemu ya utafiti

Msomi kijana huchukia safari ya barua: kibali cha maadili, kisha cha utafiti, kisha ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, na kila mahali daftari la wageni. Mimi nimeacha kuilalamikia. Kwenye kila ofisi kuna ukuta, na kwenye kila ukuta kuna mabango ya miaka yote iliyopita. Ukisubiri saa mbili kwa mtendaji umepata maonyesho ya bure ya historia ya mawasiliano ya afya wilayani, pamoja na mtunzaji wake anayejua lipi liliulizwa na wananchi na lipi halikuguswa. Beba daftari.

11. Hesabu za chuo na hesabu za zahanati hazifanani

Anayetaka kuishi kwa taaluma hii ajue mapema. Kupanda cheo chuoni hutegemea makala zilizochapishwa kwenye majarida, na mengi ya majarida hayo yanasomwa mbali na Kilosa. Fito la dawa, kama lingesanifiwa na mhadhiri wa leo, lisingempa alama hata moja ya kupandishwa cheo mpaka aandike makala kulihusu. Tena msanifu wa afya hana nyumba moja. Idara za sanaa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Shule ya Margaret Trowell ya Makerere iliyoanza mwaka 1937, humwona amekimbilia hospitali. Vyuo vya tiba humwona mtu wa kuwapambia slaidi. Mwaka mmoja taasisi moja ilinitaka nitengeneze "kitu cha kuvutia" kwa ajili ya ripoti ambayo ilikuwa imeshachapwa.

Pamoja na hayo siwashauri vijana waikimbie. Nawashauri wakae karibu na wanaotibu. Kilosa kuna chuo cha maafisa tabibu. Mwanafunzi wa usanifu akikaa muhula mmoja na wenzake wa pale, akasikia maelekezo ya dawa yanavyotolewa dirishani mara hamsini kwa siku, atajifunza jambo ambalo mimi sina uwezo wa kumfundisha kwenye ukumbi wenye kiyoyozi.

Kwa wakuu wa vyuo naomba kitu kimoja: kielelezo cha afya kilichojaribiwa kwa watumiaji, kikarekebishwa, na kikaandikiwa jinsi kilivyorekebishwa, kihesabiwe kama kazi ya kitaaluma, sawa na makala. Kwa waganga wakuu wa wilaya naomba kidogo zaidi ya hapo. Kabla hamjasaini malipo ya uchapaji wa bango lolote, daini karatasi moja inayoonyesha nani aliulizwa, alisema anaona nini, na nini kilibadilishwa baada yake. Karatasi hiyo isipokuwepo, msisaini.